Dawa ya Minyoo

Mimi ni kinyozi. Nina viti viwili, kioo kirefu, na feni ya dari inayozunguka pale inapojisikia. Wateja wananiita Mashine, kwa sababu hata nikipiga soga mkono wangu hausimami. Nimenyoa watu miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Mtu akinyolewa vizuri hujitazama kwenye kioo, akajiona kapendeza, akaenda zake. Nayasema haya mapema ili mjue tamaa yangu ilianzia wapi. Sijitetei.

Mbwa tuliletewa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alihamishwa kikazi, na nyumba aliyopewa huko haikuruhusu mnyama. "Shemeji, nishikie miezi mitatu tu," akasema. Miezi mitatu ikapita, simu zake zikawa za kuulizia hali ya hewa. Tukabaki na mbwa. Alikuwa jike, mdogo, rangi ya karanga iliyokaangwa, sikio moja limesimama na la pili limelala kama limechoka kusikiliza. Tukamwita Njugu.

Mke wangu alisema kazi ya kulea mume inamtosha. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi tangu magoti yaanze kumsumbua, alitangaza kwamba mbwa hatakanyaga jikoni. Siku ya tatu nikamkuta amekaa kwenye kigoda chake jikoni, Njugu yuko miguuni pake, anamlisha kwa mkono na kumsimulia habari za majirani.

Siku moja nilikwenda na Njugu kazini. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi, miguu wameinyoosha. Nikapiga mluzi tu, bila nia yoyote. Njugu akatoka mlangoni, akairuka ile miguu yote sita, akapita chini ya kiti cha pili na kusimama mbele yangu akihema kwa furaha. Kwenye kiti cha kwanza alikuwa amekaa Afande. Huyu ni mama mstaafu wa kikosi cha mbwa cha polisi, na kila wiki ya pili huja kwangu kunyoa kichwa kizima. Alimwangalia Njugu kupitia kioo, povu bado liko kisogoni.

"Huyu amewekewa springi," akasema. "Mlete uwanjani Jumamosi."

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya ghala la saruji. Afande na wenzake kama kumi na watano walikuwa wanafundisha mbwa wao mbio za vizuizi. Mbwa anaruka fito, anapenya kwenye bomba refu la turubai, anapinda katikati ya nguzo kumi na mbili bila kuruka hata moja, anapita juu ya pembea ya ubao, halafu anapanda lile tuliloliita paa. Ni mbao mbili pana zilizoegemezana kama paa la nyumba, juu kuliko kichwa cha mtu. Mbwa anapanda upande huu, anashuka upande wa pili, na lazima akanyage sehemu ya chini iliyopakwa rangi ya njano. Mwenye mbwa anakimbia pembeni, haruhusiwi kumgusa. Mwamuzi anahesabu makosa na sekunde.

Vifaa vyote hivyo vilitengenezwa na seremala mmoja tuliyemwita Randa. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya. Hakuwa na mbwa. Alikuja mara moja kuuza mbao, akatazama mbwa wakiruka, kuanzia hapo hakukosa Jumamosi. Ufunguo wa stoo alikaa nao yeye.

Jumamosi ya kwanza Njugu alifanya vizuri na mimi nikafanya vibaya. "Mashine," Afande alinifokea, "mbwa hafuati mdomo wako, anafuata mabega yako. Mdomo unasema kulia, mabega yanasema kushoto. Amwamini nani?" Basi nikaanza kufanya mazoezi ya mabega saluni, nimeshika fagio, wateja wanacheka mpaka machozi. "Mashine, mbwa ndiye anakufuga wewe!" walisema. Nilicheka nao. Nilikuwa na raha ambayo sijaijua tangu ujana.

Baada ya miezi saba tulishindana mara ya kwanza, mashindano madogo, tukawa wa pili. Njugu alipotoka kwenye nguzo za mwisho bila kosa, watu walisimama. Walipiga makofi. Niliyasikia yakinipanda mgongoni kama maji ya moto. Usiku ule sikulala vizuri, nikawa nayarudia kichwani. Ninadhani hapo ndipo nilipoharibika.

Mashindano makubwa yalipangwa Jumapili moja, miezi mitatu baadaye. Klabu kutoka miji mingine zilialikwa. Alhamisi tulifanya mazoezi ya mwisho, na Afande akasema, "Imetosha. Mpumzisheni, mpaka Jumapili asiruke hata kizingiti cha mlango." Nikaitikia. Wenzangu walipoondoka nilimwomba Randa aniachie ufunguo, nikasema nitafunga mwenyewe. Kisha nikampandisha Njugu kwenye paa tena na tena, kwa sababu nilitaka ashuke haraka zaidi. Mara ya tano alisita. Nikamkemea. Akapanda. Mara ya sita alitua kwa bega la kushoto na akalia kidogo, mlio mfupi, kama mtu aliyejikwaa kidole. Akainuka mwenyewe, akatikisa mkia. Nikajiambia si kitu.

Ijumaa alikuwa anachechemea. Si sana, ila kila hatua ya tatu au ya nne mguu wa mbele ulikuwa unakwepa kubeba uzito. Nilipombonyeza bega aliuvuta mguu na kunilamba mkono, kana kwamba ananiomba radhi. Jumamosi hivyohivyo. Sikumpigia Afande simu. Nilijua angesema nini.

Jumapili asubuhi niliingia jikoni nikidhani niko peke yangu. Mimi nina vidonge vya maumivu ya mgongo, maana kinyozi husimama kutwa. Nikakata kimoja nusu, nikakifutika ndani ya tonge la nyama, nikampa Njugu. Akameza bila kutafuna. Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja.

"Baba," akasema, "huyu mbwa anachechemea tangu juzi."

"Amekaa vibaya tu, Mama. Ganzi."

"Mimi ni mtu wa magoti mabovu. Kuchechemea nakujua." Akamtazama Njugu akijilamba. "Na hicho ulichompa?"

"Dawa ya minyoo, Mama."

Nilimdanganya mama mkwe wangu nikiwa nimemtazama usoni, asubuhi kweupe, kwa sauti ileile ninayomwamkia nayo. Yeye alitazama pakiti iliyokuwa juu ya meza. Hajui kusoma maandishi madogo, lakini rangi ya pakiti ile anaijua, kwa sababu mara nyingi ndiye anayeniletea na glasi ya maji mgongo ukinikamata. Alikaa kwenye kigoda chake na kuanza kuchambua mchele.

Getini daktari wa mifugo aliwakagua mbwa wote. Kufikia wakati huo kidonge kilikuwa kimefanya kazi, na Njugu alitembea kama kawaida. Mimi niliongea bila kupumua, nikamchekesha daktari, nikamwambia kichwa chake kinahitaji fundi. Akanipa fomu. Kulikuwa na mstari mmoja uliosema mbwa wangu ni mzima na hajapewa dawa yoyote. Nikasaini. Hata kalamu ilikuwa yake.

Tulianza vizuri. Fito tano safi, bomba safi, nguzo kumi na mbili bila kosa. Nilisikia watu wakianza kupiga makofi mapema, na nikasema moyoni: leo. Tukafika kwenye paa. Njugu alipanda kwa kasi, akafika juu, akageuza kichwa kunitazama nielekeze mabega. Niliyaelekeza mbele. Alipotua ule mguu wa kushoto kwenye mteremko, mguu haukuwepo. Sijui niseme vipi vingine. Ulikunjika chini yake, akaanguka ubavuni kutoka kule juu mpaka chini kwenye nyasi.

Sauti aliyotoa siwezi kuiandika. Nilipopiga magoti, yeye, akiwa amevunjika, alijikokota kunisogelea na kuweka kichwa kwenye kiatu changu.

Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na bega. Katika hospitali ya mifugo waliniuliza kama alikuwa na tatizo lolote kabla. Nikasema hapana. Waliuliza kama ametumia dawa yoyote, maana wanataka kumpa usingizi wa upasuaji. Hapo niliogopa asije akafia mezani, nikamfuata daktari wa pale kwenye korido na kumnong'oneza kuhusu nusu kidonge. Alinitazama muda mrefu. "Hivi vidonge vya watu vinaweza kuwatoboa mbwa tumbo," akasema. "Nashukuru umesema sasa." Akaingia ndani. Hakumwambia mtu. Na mimi sikumwambia mtu.

Njugu alipona, kwa maana ya kupona ya daktari. Alirudi na vyuma mwilini, na tukaambiwa hataruka tena maisha yake.

Kilichofuata ni pole. Wateja waliokuja kunyoa na wasiokuja kunyoa waliingia kunipa pole. "Mashine, pole sana, ndiyo michezo." "Kaza moyo." Mzee mmoja mwenye kipara kamili, ambaye hana kazi yoyote na kinyozi, aliingia, akakaa robo saa, akanipa mkono na kuondoka. Nilipokea zote. Nikazoea hata kusimulia: jinsi alivyopanda, jinsi alivyoteleza. Sikumbuki ni siku gani nilianza kutumia neno hilo, kuteleza, lakini nililitumia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyumbani mke wangu aliuliza mezani, "Kwani asubuhi ile hakuwa na dalili yoyote?" Nikasema alikuwa mzima kabisa. Akamgeukia mama yake: "Eti Mama? Wewe ndiye unashinda naye." Mama akainamia sahani. "Sikuona kitu, mwanangu," akasema. Nikaendelea kula.

Neno kuteleza likatoka saluni likafika uwanjani. Usiku wa kuamkia mashindano kulikuwa na manyunyu. Randa alikuwa amelipaka paa rangi upya wiki ile, akichanganya na mchanga ili mbwa wapate kushika. Watu wakaanza kusema mchanga haukutosha. Wengine wakasema waliona kwa macho yao ubao unang'aa. Wiki mbili baadaye nikasikia Afande amemwambia arudishe ufunguo wa stoo, na kwamba vifaa vitatengenezwa na karakana nyingine.

Wiki ya tatu, Jumatano mchana, Randa aliingia saluni. Sikuwa na mteja. Alikuwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa gunia. Alikiegemeza ukutani, akavua kofia.

"Nimechelewa kuja," akasema. "Nilikuwa naona haya."

Nikamwambia akae. Akakaa kwenye kiti cha kunyolea, maana ndicho kilichokuwa karibu, kwa hiyo tukawa tunaongea kupitia kioo. Alisema amekwenda mara nne kuupapasa ule ubao kwa kiganja, juu mpaka chini, na hakuona panapoteleza, lakini kama mbwa ameteleza basi ameteleza, yeye ndiye aliyepaka. Alisema kila akifumba macho anamwona Njugu anaanguka. Kisha akafungua gunia. Alikuwa ametengeneza ubao wa mteremko wa kuweka juu ya ngazi tatu za mlango wetu, Njugu apate kuingia bila kuruka. Kingo amezipiga msasa, juu ameubandika zulia.

"Huu hautelezi," akasema. "Nimeujaribu kwa maji. Hautelezi hata kidogo." Halafu yule mtu mzima akasema, "Ndugu yangu, nisamehe."

Na mimi nikamsamehe. Ndiyo. Niliweka mkono begani kwake, nikasema, "Yamepita, Randa. Usijitese." Nikamfunga kitambaa shingoni na kumnyoa. Alinishukuru mara mbili. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya saluni, kwenye kile chumba cha taulo, nikajifungia. Sikulia. Nilikaa tu juu ya ndoo nikisikia uso unaniwaka, kama mtoto aliyekamatwa, ila hakuna aliyenikamata.

Jioni niliubeba ubao nyumbani. Mama alikuwa kibarazani na Njugu. Aliupapasa.

"Kazi nzuri. Ya nani?"

"Randa, Mama. Yule seremala wa uwanjani."

"Yule wanayesema ubao wake mbovu?"

"Ndiyo, Mama."

Mkono wake ulibaki juu ya zulia. "Baba, kuna mambo mkwe haulizi. Nimekaa wiki tatu sijauliza. Leo nauliza. Ile dawa ya minyoo, ilikuwa ya minyoo?"

Nilijaribu kuinua macho, nikaishia kwenye magoti yake. "Hapana, Mama."

"Nilijua palepale." Sauti yake haikupanda. "Nikasema huyu ni mume wa mwanangu, nikimuumbua nitakaa wapi? Binti yangu aliponiuliza nikamdanganya, tena mbele ya chakula. Umri huu, baba. Umenitia kwenye uongo kwa umri huu."

Nikaulaza ubao juu ya ngazi, na Njugu akaupanda kuujaribu, akashuka, akaupanda tena, amefurahi.

Mke wangu aliporudi kutoka kazini nilimweleza yote kabla hajavua viatu. Alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kochi, kiatu kimoja mkononi. "Kuniambia mimi ni rahisi," akasema mwishowe. "Mimi ni mke wako, nitakwenda wapi. Kawaambie wao."

Jumamosi nilikwenda. Walikuwa wamesimama duara karibu na stoo, na Randa alikuwepo, amekuja kuchukua vifaa vyake vya kazi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yakapotea yote. Nikasema tu, "Ubao haukuwa na kosa. Mbwa alikuwa anaumwa. Nilimuumiza mimi Alhamisi, mkiwa mmeondoka, na Jumapili nikampa dawa ya maumivu ili apite getini. Ndiyo maana mguu ulimkunjika. Hakuteleza."

Mbwa mmoja alikuwa anajikuna, mnyororo unalia.

"Dawa gani?" Afande akauliza. Nikamtajia. "Na fomu ulisaini."

"Nilisaini."

Alivua kofia, akajipangusa kichwa kile ninachokinyoa mimi. "Nimemnyang'anya huyu bwana ufunguo," akasema, kama anayejisemea mwenyewe. Kisha akanigeukia kwa sauti ya kazini. "Hutaingiza mbwa uwanjani hapa tena. Huyu wala mwingine." Akamwendea Randa na kumwomba radhi mbele ya watu wote, kwa jina lake, kosa kwa kosa. Nilimwonea wivu kwa jinsi alivyoliweza lile jambo.

Mimi nilimsogelea Randa baadaye, akiwa anafunga misumeno yake kwenye gunia.

"Nilikuja kwako," akasema kabla sijafungua mdomo. Hakuwa na hasira, alikuwa kama anayejaribu kuelewa. "Nikakuomba msamaha. Ukanipa. Ukanifunga kitambaa, ukaninyoa. Mkono wako haukutetemeka hata kidogo. Nilikuwa nakutazama kwenye kioo."

"Nisamehe, Randa."

"Sijui," akasema. "Mimi si mwepesi kama wewe." Akabeba gunia lake.

Habari zilinitangulia kazini. Wateja wengine walihama. Waliobaki wanakaa kwenye kiti na kuongelea mpira, na nikikaribia jambo lolote la mbwa wanatazama feni. Wanaoniuliza nawaambia yalivyokuwa, bila kupunguza. Afande alipotea wiki sita, kisha akaja, akakaa, akasema, "Kama kawaida." Nilimnyoa kichwa kizima bila neno jingine kati yetu. Mama ananiita baba kama zamani, lakini hajaniletea tena glasi ya maji na vidonge. Nikiumwa mgongo naamka mwenyewe.

Jana nilikuwa natembea na Njugu kando ya barabara ya soko. Anachechemea, na anapenda kutembea vilevile. Alimwona Randa kabla yangu, akinunua misumari kwenye duka la vifaa. Akavuta kamba, akalia, mkia ukamtikisa mwili mzima. Nilitaka kuvuka upande wa pili. Nikashindwa kumburuta.

Randa aligeuka. Alichuchumaa, akamkuna nyuma ya sikio lile lililolala, akampapasa bega lenye vyuma kwa kidole gumba, polepole, kama anakagua kiungo cha mbao. "Unaendeleaje, mama?" akamuuliza. Njugu akamlamba kidevu. Mimi nilisimama pale juu yao, sijui niweke wapi uso wangu, nimekamata kamba kwa mikono miwili.

Aliinuka, akachukua misumari yake kaunta. Alipokuwa anapita, akaitazama mikono yangu.

"Mlegezee kamba," akasema, na akaenda zake.

Nikamlegezea.